Kiumbe wa Mia Nne na Kumi na Mbili

Kazi ya Mama Mitungi ilikuwa kuwajazia watu hewa. Wazamiaji walifika kituoni asubuhi, wakabeba mitungi iliyojaa, wakaenda baharini, wakarudi na mitungi mitupu na hadithi tele. Mitungi aliijaza tena. Hadithi zilimchukua muda mrefu zaidi.

Chumba chake kilikuwa nyuma ya kituo, upana wa hatua nne, na kompresa, mashine ya kujazia hewa, ilikula hatua mbili. Mashine hiyo ilinguruma kiasi kwamba aliyetaka kusema naye ilimbidi apige kelele au aandike kwenye karatasi. Wengi waliona bora wanyamaze, na kwa hiyo kituo kizima kiliamini kwamba yeye ni mtu wa maneno machache. Ukutani palikuwa na saa, orodha ya mitungi na tarehe zake za kupimwa, na taulo ambalo hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuligusa. Nje ya mlango palikuwa na hodhi la maji baridi ambamo kila kitu kilichotoka baharini kilisuuzwa chumvi. Hapo kwenye hodhi, mashine ikiwa imezimwa, ndipo watu walipopiga chuku.

Chuku za wazamiaji zina utaratibu wake. Kasa mwenye ukubwa wa sinia, watu wakishapanda botini, huwa na ukubwa wa meza. Wakifika kwenye hodhi amekuwa kama gari dogo, na amemtazama mtu machoni. Mama Mitungi alisikiliza haya kwa miaka miwili huku akisuuza mapezi ya kuogelea ya watu. Mwaka wa tatu alinunua daftari la jalada gumu, akachora mistari kwa rula: tarehe, kiumbe, kina, aliyeona kwanza, aliyethibitisha. Hakuna aliyemtuma. Akaweka na sheria: kiumbe haingii daftarini mpaka aonwe na watu wasiopungua wawili, na kila mmoja aulizwe peke yake kabla hawajapata nafasi ya kupatana. Mmoja aliulizwa kwenye hodhi, mwingine kwenye mlango wa choo. Picha hazikukubaliwa. Kuna bwana aliwahi kuleta picha safi kabisa ya papa, na nyuma ya papa ilionekana meli iliyozama ambayo haikuwepo katika bahari ile wala ya jirani.

Watu walimcheka, halafu wakamwogopa, halafu wakamzoea. Baada ya miaka saba, watu wa chuo kikuu walianza kuja kila mwaka kunakili daftari hilo, ukurasa kwa ukurasa, wakiwa wamevaa miwani na nyuso za adabu. Hadi mwaka wa hadithi hii lilikuwa limefika viumbe mia nne na kumi na mmoja. Wote walikuwa wameonwa na watu wengine.

Alipofikisha miaka hamsini na moja alimfuata kiongozi wa wazamiaji, kijana aliyeitwa Mapezi kwa sababu miguu yake ilikuwa mikubwa hata kabla hajavaa kitu.

"Nataka unifundishe kuzamia. Siku gani?"

Mapezi alitabasamu kama mtu anayemwonea huruma mama yake. "Mama, kwa umri huu?"

"Nimekuuliza siku, sijakuuliza umri."

Nyumbani alifanya mazoezi sebuleni, uso ndani ya beseni la kufulia, miwani ya kuzamia usoni. Mumewe, fundi saa aliyestaafu lakini hakuacha, alikaa kwenye kochi akimpimia kwa saa ya mteja.

"Dakika moja na sekunde hamsini," alisema fundi saa siku ya kwanza alipoinuka.

"Saa yenyewe ni nzima?"

"Inakimbia kidogo."

"Basi itengeneze kwanza, ndipo unipime."

Akapata cheti. Akawa anazamia siku zake za mapumziko, taratibu, mikono imekunjwa kifuani kama mtu anayekagua sebule ya mkwewe. Na miezi minane kabla ya siku tunayoisimulia, akiwa nyuma ya jabali moja wakati wenzake wamemzunguka kasa, aliona kitu.

Alikuwa samaki chura. Ni samaki mwenye ukubwa wa ngumi, hana magamba, hana haraka, hakai kama samaki. Hujishikiza mwambani kwa mapezi yaliyofanana na viganja, akatulia siku nzima akijifanya sifongo, na sifongo za njano zimejaa pale. Hakuwemo daftarini. Mama Mitungi aliwaita wenzake kwa kugonga mtungi wake. Walipofika, Mapezi alitazama, akafumba na kufumbua ngumi, ishara ambayo katika kazi yao ina maana ya sifongo, akaondoka.

"Mama, ile ni sifongo," alimwambia baadaye kwenye hodhi.

"Sifongo haina jicho."

"Jicho uliliona?"

"Liliniangalia."

Akajisikia mwenyewe. Yalikuwa maneno yale yale ya watu wa kasa. Alifunga daftari bila kuandika, na hakuna aliyelazimika kumweleza kwa nini, maana sheria ilikuwa yake.

Kituoni utani haufi kwa njaa. Kwa miezi minane kila aliyepita mlangoni aliuliza, "Mama, sifongo yako haijambo?" Nyumbani mumewe alijaribu kumtia moyo. "Mimi nakuamini."

"Wewe hukuwepo," alimjibu. "Usinisaidie."

Alirudi kwenye lile jabali mara sita, na mara sita hakumkuta. Lakini hakurudi mikono mitupu. Alikuwa na kibao cha plastiki cha kuandikia chini ya maji, na kila safari alichora jabali lote na kila sifongo ya njano mahali ilipo: mbili juu, tatu kwenye ufa, nne upande wa mkondo, moja chini karibu na mchanga. Kumi. Mara zote sita, kumi. Mapezi aliona kile kibao akatikisa kichwa, kwa sababu hajapata kuona mtu akizamia kwenda kuhesabu vitu ambavyo haviendi popote.

Sasa ilibaki wiki moja mvua zianze. Zikianza, mito humwaga tope baharini na maji hubaki kama chai ya maziwa kwa miezi mitatu. Na samaki chura hakai mahali pamoja milele. Kama hangeonwa sasa na mtu mwingine, basi ingebaki kuwa Mama Mitungi ndiye mtu aliyeangaliwa na sifongo.

Asubuhi ya siku hiyo alijaza mitungi tisa. Sita ilikuwa ya boti jingine lililoondoka mapema, miwili ya boti lao, na wa mwisho wake mwenyewe. Kituo kina desturi yake: mtungi ukishajaa, mdomo wake unafungwa kwa kipande cha utepe mwekundu. Mtungi wenye utepe haufunguliwi, hauulizwi, unabebwa tu. Alikuwa katikati ya mtungi wa tisa simu ilipolia. Akazima mashine ili asikie.

"Chumvi iko wapi?" aliuliza fundi saa.

"Ipo pale ilipokaa miaka ishirini na minane."

"Wapi?"

"Kabati la juu, kulia, nyuma ya kopo la majani."

"Kopo la majani nalo liko wapi?"

Alimwelekeza hatua kwa hatua, kama rubani anayeteremshwa uwanjani, mpaka chumvi ikapatikana. Kisha mkono wake, ambao umefunga utepe maelfu ya mara baada ya mashine kunyamaza, ukafunga utepe.

Botini walikuwa wanne. Mapezi, mwendesha boti ambaye ni mzee aliyekaa baharini maisha yake yote bila kuwahi kulowesha kichwa kwa hiari, Mama Mitungi, na mgeni mmoja, bwana wa bima, mwili mkubwa, vifaa vipya vyote, kisu kimefungwa mguuni kana kwamba samaki wangemshambulia kwa zamu. Alieleza njia nzima jinsi alivyozamia sehemu ambazo wenyewe hawazijui.

Walipotia nanga Mama Mitungi alibandua utepe, akafungua mtungi, akatazama kipimo. Mtungi uliojaa husoma mia mbili. Kipimo kilisoma mia moja na thelathini. Akakigonga kwa ukucha. Kikabaki pale pale.

Kwa miaka kumi na tisa hakuna mtu aliyewahi kupokea mtungi pungufu kutoka mkononi mwake. Wa kwanza alikuwa yeye. Kipimo kinasomwa na mwenye mtungi, na mwenye mtungi akinyamaza hakuna anayejua. Aliwaza kunyamaza kwa muda ambao mtu huchukua kuvaa pezi moja.

"Mapezi," alisema, "mtungi wangu una mia moja na thelathini."

Hata bwana wa bima alikatisha hadithi ya safari zake.

"Nani kaujaza?" aliuliza Mapezi.

"Mimi."

"Nani kaufunga utepe?"

"Mimi."

"Basi ikibidi tutakushtaki kwako."

Mwendesha boti alicheka mpaka akashika usukani. Bwana wa bima akaona ni nafasi yake. "Mama apumzike tu hapa juu. Atuangalizie viatu."

Mama Mitungi alivaa pezi la pili. Alimtazama Mapezi, na Mapezi alikuwa anapiga hesabu kwa midomo. Mtungi wa akiba hawakuwa nao. Jabali lilikuwa mita kumi na moja tu, maji yametulia kama kioo cha kabati.

"Tunashuka wote," alisema hatimaye. "Wa kwanza kufika themanini, tunapanda wote. Hakuna mjadala."

"Nimeahidiwa saa nzima!" bwana wa bima alilalamika. "Yaani safari yangu ikatwe kwa sababu ya mtungi wa mwenzangu?"

"Nimesema wa kwanza. Sijasema mama."

Wakashuka.

Bwana wa bima alizamia kama mtu aliyeachwa na basi. Alimfukuza samaki bunju, akamkosa. Akamfuata taa, yule samaki bapa, taa akajifunika mchanga akaendelea na mambo yake. Alimwonyesha Mapezi samaki mkunga aliyechungulia kwenye tundu, akafungua mikono kuonyesha urefu, akaona haitoshi, akaifungua zaidi. Kila ishara yake ilitoka na wingu la mapovu. Mama Mitungi alikuwa nyuma yao, hapigi mguu ila kwa sababu. Watu wengine huona hewa ni kitu kilichopo tu. Yeye alijua hewa ni mafuta ya mashine, ni chujio, ni dakika kumi na mbili za kelele kwa kila mtungi, akaivuta kama mtu anayekunywa supu ya moto.

Njiani aliona koa wa bahari wa zambarau asiyezidi kidole, akampita. Yumo tayari, namba mia moja na sita. Akaona pweza akibadili rangi kwa hasira. Namba tisa. Leo hakuja kwa ajili yao.

Kwenye jabali wenzake walikwenda upande wa kasa, kama kawaida. Yeye alishika kibao chake, akaanza kuhesabu. Juu, mbili. Kwenye ufa, tatu. Upande wa mkondo, nne. Chini karibu na mchanga, moja.

Na pembeni ya ile moja, nyingine.

Akahesabu upya, akaanzia chini. Kumi na moja. Sifongo haihami na haizai kwa wiki. Hakusogea karibu; aligonga mtungi wake kwa chuma, mara tatu, akangoja.

Mapezi alikuja akiwa tayari ameshaanza kufumba ngumi. Akatazama ile ya njano, akafumba, akafumbua: sifongo. Mama Mitungi alimsogezea kibao usoni. Akamwonyesha mchoro, kisha jabali, kidole kimoja kimoja, ufa kwa ufa. Mapezi alihesabu naye kwa adabu ya mtu anayetaka yaishe. Alipofika kumi alikuwa na moja mbele yake ambayo haikuwa na mahali pa kwenda kwenye kibao. Akaacha kufumba ngumi.

Bwana wa bima alifika naye, akatimua mchanga. Mapezi alikagua vipimo. Cha Mama Mitungi: tisini na tatu. Cha bwana wa bima: themanini na nne. Alikitazama cha bwana wa bima mara mbili, akamwonyesha mwenyewe. Bwana wa bima alikitikisa, kana kwamba hewa imejificha mahali.

Kutoka themanini na nne hadi themanini, kwa kifua kile, ni dakika moja, labda na kitu. Ile ya njano haikufanya lolote. Ilikuwa na vitundu, ilikuwa na ukungu juu yake, ilikuwa sifongo kuliko sifongo zote. Mama Mitungi hakuitazama yenyewe. Alitazama samaki mdogo wa fedha aliyekuwa anadonoa mwamba, akisogea, akirudi, akisogea tena. Akanyoosha kidole kumwelekea huyo samaki, ili wenzake wamtazame yeye.

Samaki mdogo alikuwepo. Halafu hakuwepo.

Hakuna aliyeona akiondoka. Walichoona ni mdomo ukifungwa mahali ambapo hapakuwa na mdomo, kisha kiganja kimoja cha njano kikiinuka, kikisogea upana wa kidole, na kushika jiwe upya, kama mtu anayejiweka sawa kitini baada ya chakula.

Mapovu ya Mapezi yalikatika. Alikuwa ameziba pumzi, kosa ambalo huwafokea wanafunzi wake kila siku ya Mungu. Alipokumbuka kupumua alimgeukia Mama Mitungi, na hakujua afanye ishara gani, maana katika ishara zote za wazamiaji hakuna ya kuomba radhi. Akainamisha kichwa. Kipimo cha bwana wa bima kilikuwa themanini kamili. Wakapanda.

Juu, Mama Mitungi alipotoa vifaa, kipimo chake kilisoma sabini na tisa. Cha bwana wa bima, hamsini na mbili. Mwendesha boti alivisoma vyote viwili kwa sauti, bila kuombwa, kisha akamsukumia bwana wa bima viatu vyake kwa mguu. "Vipo vyote, bosi. Nimeviangalia."

Bwana wa bima alifungua mdomo kuanza. Mama Mitungi aliinua mkono.

"Hakuna kuongea."

"Lakini mama, umeona ile..."

"Hata neno. Mtaongea mkiulizwa."

Boti lilirudi dakika ishirini kimya kimya. Mwendesha boti, ambaye hajapata kuona bwana wa bima wa aina yoyote akinyamaza, alianza kuhisi kuna msiba.

Kituoni likazuka jambo ambalo halijawahi kuzuka. Muuliza maswali ndiye aliyekuwa ameona kwanza. Mapezi alisema hakuna neno, aulize tu, nani asiyemjua. Mama Mitungi alikataa. Alimpa mwendesha boti daftari na kalamu, kwa hoja kwamba mtu asiyejua samaki chura ni nini hawezi kumsaidia shahidi. Akaenda kukaa kwenye chumba chake cha kompresa, akawasha mashine ili asisikie, akakaa mikono magotini. Mtu angemwona angedhani anangoja majibu ya hospitali.

Bwana wa bima alihojiwa mlangoni mwa choo.

"Umeona nini?"

"Sifongo imemla samaki."

"Sifongo ina mdomo?"

"Ile ilikuwa nao."

"Rangi?"

"Njano. Kama koti la mvua."

"Ina miguu?"

Bwana wa bima alitazama huku na huku. "Mikono. Ilikuwa na mikono. Tafadhali usimwambie mtu nimesema hivyo."

"Ukubwa?"

Mgeni aliinua viganja, akavitenga kama kawaida yake, akavitazama. Kisha, kwa mara ya kwanza pengine maishani, akavirudisha. "Ngumi," alisema. "Ngumi moja tu."

Mapezi alihojiwa kwenye hodhi, mbele ya wazamiaji sita wa boti jingine waliokuwa wanasuuza suti zao za mpira. "Samaki chura," alisema, na hakushusha sauti. "Wa njano, kama ngumi, mita kumi na moja, chini ya jabali upande wa mchanga. Amekula samaki mbele yetu. Na andika kwamba mimi nimekuwa mjinga miezi minane."

Mwendesha boti alipekua mistari ya daftari. "Hiyo haina mahali pa kuandikwa."

Walipomgongea mlango Mama Mitungi alizima mashine. Alisoma majibu yote mawili, akarudia la ukubwa, akaketi kwenye benchi la nje. Wale sita walimzunguka, suti zikichuruzika miguuni mwao, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyeulizia hali ya sifongo. Akaandika namba: mia nne na kumi na mbili.

"Weka tarehe ya ile siku ya kwanza," Mapezi alimsihi. "Ulikuwa sahihi tangu siku ile, mama. Sisi ndio tuliokuwa vipofu."

"Siku ile nilikuwa peke yangu."

"Lakini ulimwona!"

"Nilimwona. Hakuthibitishwa." Akaandika tarehe ya leo.

"Kesho kabla ya mvua nina wageni wanne, bwana huyu akiwemo," alisema Mapezi, safari hii kwa sauti ya mtu anayeomba. "Wote watataka kumwona. Mimi nikienda peke yangu nitawaonyesha sifongo. Utangulie wewe mbele?"

"Niwe mbele yako?"

"Mbele yangu."

Mama Mitungi alifikiri, au alijifanya anafikiri, kwa muda uliotosha kila mtu pale asikie swali likielea. "Yule mwenye kisu asije nacho," alisema.

Kwenye mstari wa aliyethibitisha Mapezi aliweka saini. Bwana wa bima aliweka yake chini yake, akaongeza kwamba ameshuhudia kwa macho yake mwenyewe jambo la ajabu lisilo na kifani. Mama Mitungi alichukua rula, akayakata maneno hayo kwa mstari mmoja ulionyooka, akabakisha saini. Halafu akakaa na daftari wazi mapajani, akingoja wino ukauke. Kalamu ilikuwa bolpeni, ambayo wino wake hukauka hapo hapo. Alingoja hata hivyo.